Risasi ya Travis: Je, Mtoto Aonyeshwe Old Yeller?

Siku ya Krismasi ya mwaka 1957 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu iitwayo Old Yeller, kisa cha Travis, mvulana wa Texas, na mbwa wa rangi ya manjano. Ilitangazwa kuwa filamu ya familia nzima, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo: kuna shamba, kuna mdogo mtundu, kuna vicheko. Lakini karibu na mwisho mvulana huyo anachukua bunduki na kumpiga risasi mbwa wake mwenyewe, kwa kuwa mbwa ameshikwa na kichaa. Mwaka 2019 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza filamu hii katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa. Heshima hiyo haikuumaliza ubishi wa wazazi: je, hiki ni kisa cha kumwonyesha mtoto?

Swali hilo si la Wamarekani peke yao. Ugonjwa uliomkuta mbwa wa Travis ungali unaua watu Afrika Mashariki, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaokufa. Kwa hiyo nimeupanga ubishi huu kwa sauti tatu: mama mwenye watoto wadogo, mwalimu wa fasihi, na daktari wa mifugo. Kila mmoja nimempa hoja zake zenye nguvu zaidi. Uamuzi wangu utafuata.

MWALIMU: Kabla ya kuhukumu tukumbushane kisa chenyewe. Tuko Texas, mwishoni mwa miaka ya 1860. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha na fedha haionekani. Jim Coates anaondoka kupeleka ng'ombe Kansas wakauzwe. Nyumbani anabaki mkewe Katie na wana wawili, Travis aliyeanza kubalehe na Arliss aliye mdogo bado. Travis ndiye anayekabidhiwa shamba. Ndipo anapotokea mbwa asiyejulikana ametoka wapi. Anamtimua nyumbu wa kulimia mpaka ua unavunjika, anaiba nyama. Travis anataka afukuzwe, Arliss anamng'ang'ania. Sasa tazama mbwa huyu anavyopata nafasi yake: hapewi kwa sababu ya sura. Arliss anapokamata mtoto wa dubu na mama dubu akaja mbio, mbwa ndiye anayemkabili. Mahindi yanapoliwa usiku na wanyama, mbwa ndiye anayelinda. Nguruwe mwitu wanapomwangusha Travis, mbwa anaingia kati na kuraruliwa vibaya. Upendo wa Travis unajengwa na kazi, siku baada ya siku.

MAMA: Kisa nakijua, Mwalimu, na hapo ndipo kinaponiuma. Kwa zaidi ya saa nzima mmemfundisha mwanangu kumpenda mbwa huyu. Mmempa sababu moja, mmempa ya pili na ya tatu. Kisha mnamwua. Mtu mzima anapoona kichaa kinatajwa mapema katika hadithi, anajua tunakokwenda. Mtoto wa miaka mitano au sita hajui. Yeye amekuja akiwa na imani kamili kwamba waliomwita kwenye filamu ya familia hawatamfanyia hivyo. Sisemi watoto wasijue kwamba kuna kufa. Nasema kuna namna ya kumwambia, na kuna wakati wake, na wa kuuchagua wakati huo ni mzazi.

MWALIMU: Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye.

MAMA: Methali hiyo inamhusu mzazi anayeogopa kumrudi mwanawe anapokosea. Mtoto aliyeketi kutazama filamu hajakosa lolote, Mwalimu. Msilitumie neno la wahenga kuhalalisha kila chozi. Na kama mnataka mvulana na mbwa, filamu ya Lassie Come Home ipo tangu 1943. Pale Yorkshire, wazazi wa mvulana aitwaye Joe wanaishiwa hata wanalazimika kumuuza mbwa kwa tajiri. Mbwa anapelekwa mbali, Uskoti, naye anatoroka na kurudi kwa miguu, amechoka, ana majeraha, mpaka anamfikia mvulana wake. Mtoto analia hapo pia. Lakini analia akiwa na tumaini, na mwisho wake hauvunji moyo.

MWALIMU: Lassie naipenda, na wala haisemi uongo. Inasema ukweli mchungu kuhusu umaskini: kwamba shida inaweza kumfanya mzazi mwema auze kipenzi cha mwanawe. Hata mikono iliyowafunza mbwa hao wawili ni ya nyumba moja. Pal, aliyeigiza Lassie, alifunzwa na Rudd Weatherwax. Spike, aliyeigiza Old Yeller, alifunzwa na Frank, ndugu yake Rudd, naye alimpata kwenye makao ya mbwa wasio na wenyewe huko Van Nuys, California, kwa dola 3. Lakini umbali hurudiwa, Mama, na kifo hakirudiwi. Mtoto anayejua visa vya kurudi tu atafanya nini siku ya yule asiyerudi? Spike huyohuyo aliigiza tena mwaka 1960 katika A Dog of Flanders. Katika riwaya ya Ouida ya 1872 mvulana na mbwa wake wanakufa pamoja. Filamu ikawaacha hai. Sijasikia watu wakiibishania filamu hiyo miaka sitini baadaye kama tunavyoibishania Old Yeller.

MAMA: Kubishaniwa si ushahidi wa ubora. Tunabishana pia juu ya mambo yaliyotudhuru.

DAKTARI: Niruhusuni niingie hapo, maana mnazungumzia kifo kana kwamba mtunzi alikiokota popote ili atulize. Fred Gipson, aliyeandika riwaya mwaka 1956 na kushiriki kuandika mswada wa filamu, alizaliwa na kukulia katika eneo hilohilo la Texas. Alichagua ugonjwa ambao kwa wafugaji wa zama hizo haukuwa na suluhisho. Kirusi cha kichaa huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa kupitia jeraha, kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua majuma, mara nyingine miezi, na mgonjwa huonekana mzima kabisa. Dalili zikishatokea, karibu kila aliyepatwa hufa, awe mbwa au binadamu. Mbwa mwitu anapowavamia kina Travis usiku karibu na moto na Old Yeller akapigana naye, mama yake Travis anatambua mara moja: mnyama mzima haukaribii moto kwa namna ile. Hoja yake ni ya mtu aliyeujua ugonjwa kwa kuuona.

MAMA: Kwa hiyo hakukuwa na njia nyingine?

DAKTARI: Hapakuwa na chanjo. Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, Julai 1885. Travis anaishi karibu miaka ishirini kabla yake. Na hapa kuna tofauti ambayo wengi waliotazama bila kusoma hawaijui. Katika riwaya, Travis anampiga risasi mbwa usiku uleule wa mapambano. Mbwa hana dalili yoyote. Amewaokoa sasa hivi, anavuja damu, anamtazama. Kijana anaua kwa sababu ya hatari inayoweza kuja. Filamu ililegeza hapo. Travis anaomba muda, mbwa anafungiwa kwenye ghala la mahindi, wanangoja. Siku moja anaanza kumngurumia aliyekuwa akimlisha. Arliss, asiyeelewa kwa nini rafiki yake amefungwa, anakaribia kumfungulia. Ndipo bunduki inapochukuliwa.

MAMA: Basi watengenezaji wenyewe walijua kwamba kisa kinazidi uwezo wa mtoto. Wakakipunguza.

MWALIMU: Mimi naona walikifanya kieleweke. Mtoto anayetazama hawezi kuamini kitu asichokiona. Anahitaji kuuona ule mdomo unaotoa povu ndipo akubali kwamba huyu siye tena mbwa wa jana. Robert Stevenson, mwongozaji, yuleyule aliyeongoza Mary Poppins mwaka 1964, aliwapa watoto muda wa kutumaini na kisha muda wa kuelewa. Na tusisahau, kamera haimwonyeshi mbwa akianguka. Tunaona uso wa kijana, tunasikia mlio.

DAKTARI: Kitabibu, kungoja kwao ni kwa busara, kwa kuwa walimtenga mnyama na watu. Lakini ghala lile lilikuwa na mlango ambao mtoto mdogo angeweza kuufungua. Nikiwa kazini, sehemu hiyo ndiyo inayonitisha kuliko risasi. Arliss angeumwa, hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

MAMA: Nimewasikia. Sasa sikieni hoja yangu nzito zaidi, kwa sababu machozi ni sehemu ndogo tu. Baba anaondoka na kumwambia mwanawe kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Mwisho wa filamu uanaume huo unathibitishwa kwa kitu gani? Kwa kumwua anayempenda bila mkono kutetemeka. Nina watoto wa kiume. Wanaambiwa kila siku wasilie, wavumilie, wakaze moyo. Sitaki filamu ya familia iwaambie kwamba mtu huwa mwanamume pale anapoweza kumtoa uhai kipenzi chake. Mbona mama yupo pale? Kwa nini hakuibeba yeye kazi hiyo?

MWALIMU: Aliibeba, Mama. Katie ndiye aliyeifuata bunduki. Travis alimwomba ampe, kwa kuwa mbwa ni wake na haki ya mwisho aliyonayo mbwa ni kufa mikononi mwa mwenye naye. Wala hakuna aliyempongeza. Hapigiwi makofi, muziki haupandi. Kijana anavunjika. Anasusa kila kitu. Anapoletewa mtoto wa mbwa aliyezaliwa na Old Yeller, anamkataa kwa hasira. Ikiwa filamu inasema mwanamume halii, mbona inatuonyesha muda mrefu namna hiyo kijana aliyezidiwa na huzuni?

MAMA: Na huyo mtoto wa mbwa ndiye jambo jingine. Ati mmoja amekufa, chukua huyu. Mtoto atafikiri kwamba aliyeondoka anazibiwa pengo kwa siku moja.

MWALIMU: Ingekuwa hivyo kama angempokea siku ileile. Baba anarudi kwanza. Anajua yaliyotokea, haendi mbio kumbembeleza wala hamkemei. Anakaa naye na kumwambia kwa maneno machache kwamba maisha humwangusha mtu chini, kwamba maumivu hayo ni ya kweli, na kwamba asiyaache yale maumivu yakayala na mazuri yaliyobaki. Baadaye yule mtoto wa mbwa anaiba kipande cha nyama, kama baba yake alivyofanya siku ya kwanza. Travis anaona damu ya Old Yeller inaendelea. Hakuna anayejifanya kwamba ni mbwa yuleyule.

Na yupo mtu mzima mwingine ambaye huwa hatumtaji. Katikati ya kisa anakuja Burn Sanderson, mwenye mbwa hasa. Ana haki kamili ya kumchukua. Anamwona Arliss anavyolia, anafikiri, kisha anakubali kubadilishana: mbwa kwa mjusi mwenye pembe aliyekuwa mfukoni mwa mtoto, na mlo mmoja uliopikwa na mama yao. Hakumpa mtoto sadaka. Alifanya naye biashara kama mtu na mtu. Halafu, kabla ya kuondoka, anamwita Travis pembeni na kumweleza waziwazi kwamba kichaa kimezuka katika eneo lao. Hakumficha kwa kuwa ni kijana. Uanaume unaosifiwa na filamu hii naukuta kwa Sanderson: mwenye nguvu anayemheshimu mdogo na kumwambia ukweli.

MAMA: Hapo kwa Sanderson nakubali, ni sehemu nzuri sana. Lakini niwaulize na hili. Sisi wa Pwani, katika nyumba nyingi za Kiislamu, mbwa haingii ndani na mate yake ni najisi. Mwanangu hatalala na mbwa kitandani. Mnataka alie kwa sababu ya uhusiano ambao hana?

MWALIMU: Nami ningekuuliza, ni mbwa gani wa Amerika aliye karibu na mbwa wetu kuliko huyu? Old Yeller si mbwa wa kochi. Analinda mahindi, anachunga mifugo, anatangulia njiani. Mbwa wa mchungaji na wa mlinzi anajulikana Tanga, Kilifi na kila mahali. Na dini haikutufundisha kumchukia. Mtoto wa madrasa anakijua kisa cha vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, na mbwa wao aliyenyoosha miguu mlangoni. Amesikia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mpaka kati ya mbwa na chumba cha kulala hauzuii huruma.

DAKTARI: Na kirusi hakiulizi mbwa analala wapi. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hofu yangu ni tofauti na ya Mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia. Takriban 40 kati ya kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Sababu ni rahisi: watoto ndio wanaocheza na mbwa, na akiwaparura wanaogopa kusema nyumbani. Mtoto anayeitazama Old Yeller anaweza kuondoka akiamini kwamba dawa ya kichaa ni bunduki. Tunaliona jambo hilo: mtaa ukisikia kuna mbwa mgonjwa, mbwa wote wanapigwa marungu au wanawekewa sumu. Ugonjwa hauishi kwa njia hiyo. Unakwisha kwa kuchanja. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, kirusi kinakosa pa kwenda.

MWALIMU: Kwa hiyo wewe uko upande wa Mama?

DAKTARI: La. Nataka watoto waione, lakini isiachwe ijieleze yenyewe. Kwa miaka mingi kumekuwa na kampeni za chanjo ya mbwa katika vijiji vinavyozunguka Serengeti. Ukienda siku ya chanjo, mara nyingi wanaowaleta mbwa ni watoto. Mvulana anakuja na kamba, mbwa anavuta huku na huku, mtoto anamshika kichwa sindano inapoingia. Huyo ndiye Travis wa leo, na amepewa nafasi ambayo Travis hakuipata. Filamu ikimpa mtoto uchungu wa kutosha kumfanya amfikishe mbwa wake kwenye chanjo, imefanya kazi ambayo mabango yetu hayajaiweza. Na kila mtoto ajue jambo moja kwa moyo: ukiumwa au kuparurwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mwambie mtu mzima, nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo baada ya kuumwa huokoa maisha ikiwahi kabla ya dalili.

MAMA: Daktari, hilo ndilo lililokuwa likikosekana. Uchungu bila la kufanya ni mzigo mtupu kwa mtoto. Ukimpa na la kufanya, ninaweza kuufikiria upya. Lakini bado kwangu mtoto wa miaka mitano hatazami.

MWALIMU: Kwa huyo wa miaka mitano sitakupinga.

Sasa niseme ninaposimama.

Old Yeller inastahili kuonyeshwa watoto, na hoja iliyonishawishi haiko katika kile kifo. Katika Bambi ya mwaka 1942 mama anauawa na mwindaji, na maisha yanasonga mbele mara moja. Old Yeller ilifanya jambo gumu zaidi: ilibaki na mvulana baada ya risasi. Imempa hasira, imempa ukimya, imempa baba anayekaa chini kuzungumza naye. Dakika hizo za mwisho ndizo zinazobeba filamu nzima. Mzazi anayezima televisheni mtoto anapoanza kulia, akidhani anamhurumia, anamwacha kwenye mlio wa bunduki na kumnyima baba wa Travis.

Mama ana haki katika mambo mawili, nami nayachukua yote. Kwanza, neno "familia" kwenye tangazo halimwondolei mzazi kazi ya kuchagua. Mtoto asiyeweza bado kuuliza kwa nini na kufuata jibu, asubiri. Mzazi aitazame filamu peke yake kwanza, kisha aketi na mwanawe toka mwanzo hadi mwisho. Pili, onyo lake kuhusu wavulana ni la kweli. Tunawalea wengi kwa kuwanyima ruhusa ya kuhuzunika. Lakini naona filamu hii inaweza kutumika kuvunja tabia hiyo, iwapo baada yake baba au mjomba atamwambia kijana waziwazi kwamba Travis aliumia, na kwamba kuumia kule hakukumpunguzia kitu.

Kwa Daktari ninachukua sharti lake lote. Texas ya miaka ile haikuwa na chaguo. Sisi tunalo. Jukumu la Travis lilianza pale ugonjwa ulipofika, na likaishia kwenye bunduki. Jukumu la mtoto wetu linaanza mapema, mbwa akiwa mzima. Mtoto anayefahamu tofauti hiyo ameielewa filamu kuliko mkosoaji yeyote, kwa sababu ameona kwamba kumpenda mnyama ni kubeba dhamana yake kabla mambo hayajaharibika.

Kwa hiyo mwonyesheni, akiwa na umri wa kuuliza na mtu mzima wa kumjibu. Akilia, mwacheni alie. Akiuliza kama kulikuwa na njia nyingine, mjibuni kweli: wakati ule haikuwapo, leo ipo. Kisha mwulizeni yeye mbwa wa nyumbani au wa jirani alichanjwa lini, na jibu likiwa hakuna anayejua, mtafuteni afisa mifugo wa kata yenu, mtoto akiwa mbele.